Wikendi za Baridi Korea: Kupanga Safari ya Siku Mbili Kutoka Seoul

Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, watu wengi wa kwetu walioko Korea Kusini kwa masomo, kazi au kozi za mafunzo hujifungia ndani. Chumba kina joto, nje kuna baridi inayouma masikio, na picha zote nzuri za nchi hii walizowahi kuziona ni za maua ya Aprili au majani mekundu ya Oktoba. Basi wanasubiri. Naona ni hasara kubwa, kwa sababu yapo mambo ambayo Korea inayo miezi hiyo mitatu tu: mto unaoganda mpaka umati unasimama juu yake kuvua samaki, korongo wanaoshuka kutoka kaskazini ya mbali, vilele ambavyo kila tawi limevikwa barafu, na samaki wanaokaushwa na baridi.

Kanuni ninayoifuata ni moja: nenda mahali ambapo baridi ndiyo inayotengeneza kitu cha kutazama. Bustani na fukwe za kuogelea ziache zisubiri msimu wake. Ukichagua hivyo, hali ya hewa uliyokuwa ukiilalamikia inakuwa ndiyo sababu ya kusafiri.

Hatua ya 1: Ijue baridi unayoiendea

Baridi ya Korea ni kavu. Hewa nzito hushuka kutoka Siberia ikipita nchi kavu, kwa hiyo huja na unyevu kidogo. Ndiyo maana asubuhi ya Januari utafungua pazia Seoul, uone mbingu ya buluu na jua linawaka, ukadhani siku ni nzuri, kumbe nje ni nyuzi -9. Wastani wa Januari mjini Seoul ni karibu nyuzi -2, lakini wimbi la baridi likifika, alfajiri hushuka chini ya -10. Aliyekulia Njombe au Limuru anajua kuvaa tabaka juu ya tabaka, na hiyo ni akiba nzuri. Ila kule umande ulioganda alfajiri huwa umeyeyuka saa nne. Hapa hata mto Han, mpana ulivyo, kuna miaka unaganda.

Wakorea wana usemi wa zamani kwamba majira haya huenda kwa zamu, siku tatu za baridi na siku nne za nafuu. Haufuati hesabu hiyo kila wiki, lakini unaeleza jambo la kweli: hewa ya Siberia huja kwa mawimbi. Siku hizi watu huongeza kwamba zile siku nne za nafuu zimekuwa siku nne za vumbi. Upepo ukitulia, vumbi laini la viwandani na la magari hubaki limening'inia hewani, na milima uliyosafiri kwenda kuiona inapotea. Kwa hiyo Alhamisi jioni angalia mambo mawili: joto na kiwango cha vumbi. Programu za simu za Kikorea huonyesha vyote kwa rangi. Ukinichagulisha kati ya siku ya -8 yenye anga safi na siku ya +4 yenye ukungu wa vumbi, nachukua ya kwanza bila kufikiri.

Mamlaka ya hali ya hewa hutoa tahadhari ya wimbi la baridi pale kiwango cha chini cha asubuhi kinapotarajiwa kuwa -12 au pungufu kwa siku mbili mfululizo au zaidi, na onyo kali zaidi kikifika -15. Simu yako itapiga kelele ya ujumbe wa dharura kwa Kikorea. Unakili, uutafsiri kwa Papago, programu ya kutafsiri ya Kikorea, usiufute tu.

Theluji ina tabia yake. Seoul haipati nyingi. Upande wa mashariki wa mkoa wa Gangwon hupata nyingi sana upepo unapogeuka na kuvuma kutoka baharini, kwa sababu hewa yenye unyevu hukutana na safu ya milima ya Taebaek na kulazimika kupanda. Kusini-magharibi, mikoa ya Jeolla hupata theluji yake pale hewa ya baridi inapovuka Bahari ya Manjano. Unaweza kuondoka Seoul pakavu kabisa, ukatoka kwenye handaki moja la reli na kukuta dunia nyeupe.

Jambo la mwisho ni mwanga, na hapa ndipo sisi wa karibu na ikweta tunapokosea mahesabu. Mwanzoni mwa Januari jua la Seoul huchomoza saa 1:47 asubuhi na kuzama kama saa 11:25 jioni. Hiyo ni mchana wa chini ya saa kumi. Ukishuka kwenye treni saa tano asubuhi, theluthi ya mwanga wako imekwisha. Milima ipandwe asubuhi, na saa tisa alasiri uwe umeanza kuteremka.

Hatua ya 2: Chagua wikendi yenyewe

Wikendi nzuri zaidi ziko kati ya katikati ya Januari na wiki ya kwanza ya Februari, barafu ikiwa imekomaa. Desemba mwanzoni mito bado haijaganda vya kutosha, na Februari ikiisha udongo unaanza kulainika.

Epuka nyakati mbili, isipokuwa kama unazitaka zenyewe. Ya kwanza ni mkesha wa mwaka mpya, ambapo nusu ya nchi huonekana kuelekea pwani ya mashariki kutazama jua la kwanza: Jeongdongjin, Homigot, hekalu la Haedong Yonggungsa kule Busan. Ni jambo la kupendeza, lakini vyumba hupanda bei na barabara hufungamana. Ya pili ni Seollal, mwaka mpya wa kalenda ya mwezi. Mwaka 2026 ni 17 Februari na mwaka 2027 ni 7 Februari, na likizo hugusa siku ya kabla na ya baada. Familia nzima nzima hurudi kwao, tiketi za treni huuzwa kwa utaratibu wa pekee na kwisha mara moja, na migahawa midogo ya mikoani hufunga. Kama umealikwa nyumbani kwa rafiki Mkorea siku hiyo, nenda, ukale tteokguk, ile supu ya vipande vya keki ya mchele. Kama hukualikwa, baki Seoul. Majumba ya kifalme huwa wazi siku hizo.

Hatua ya 3: Chagua mahali pamoja

Pamoja, si patatu. Baridi hula nguvu, na kila kuhama kuna kusubiri basi kituoni.

*Hwacheon*, kaskazini karibu na mpaka wa Korea Kaskazini, ndipo penye tamasha la trauti la Januari lililoanza mwaka 2003. Mto huganda, yanatobolewa matundu, kila mtu anakaa juu ya tundu lake na kijiti chenye uzi. Waandaaji hupima unene wa barafu kwanza, na hutaka uzidi sentimita 20 kabla ya kuruhusu watu. Miaka yenye joto tamasha husogezwa mbele, kwa hiyo thibitisha tarehe kabla ya kununua chochote. Samaki uliyevua huchomwa hapohapo kwa chumvi. Mabasi hutoka stendi ya Dong Seoul. Nenda na mto mdogo au kipande cha sponji cha kukalia. Barafu hupenya suruali yoyote.

*Cheorwon*, nako mpakani, ni kwa wapenda ndege na miamba. Korongo wenye utosi mwekundu na korongo wenye shingo nyeupe hupitisha msimu kwenye mashamba ya mpunga yaliyovunwa, ndani ya eneo ambalo raia hawaruhusiwi kuingia ovyo, na huenda ndiyo maana wamesalimika. Lazima uwe na pasipoti au kitambulisho cha ukaazi, na ni rahisi zaidi kwenda na gari la watalii lililopangwa. Karibu na hapo mto Hantan umekata bonde refu la mawe ya volkano, na majira ya baridi hutandikwa njia ya kuelea juu ya maji ili watu watembee katikati ya kuta hizo. Bonde hilo lilitambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi ya jiolojia ya dunia mwaka 2020.

*Deogyusan*, karibu na Muju, ni jibu kwa asiyeweza au asiyetaka kupanda mlima kwa saa sita. Gondola, yaani gari la kamba, la kituo cha kuteleza kwenye theluji hukufikisha Seolcheonbong, mita 1,520, na kutoka hapo ni mwendo wa kama dakika ishirini hadi kilele cha Hyangjeokbong, mita 1,614. Unachokwenda kuona ni matawi ambayo unyevu wa mawingu umeyagandia usiku kucha mpaka kila kijiti kimekuwa cheupe. Huanza kudondoka jua likipanda, kwa hiyo chukua gondola la mapema. Wikendi za msimu huu lazima uweke nafasi mtandaoni.

*Seoraksan*, juu ya mji wa Sokcho, ina kilele cha mita 1,708, lakini mgeni hahitaji kukifikia. Kuna gari la kamba hadi Gwongeumseong, na kuna njia tambarare kupitia hekalu la Sinheungsa. Tangu Mei 2023 kiingilio kilichokuwa kikitozwa na hekalu langoni kiliondolewa. Upepo ukizidi gari la kamba husimama, na halina nafasi za kuweka mapema.

Asiyestahimili baridi kabisa aende kusini. Busan wastani wa Januari uko juu ya sifuri, na kisiwa cha Jeju wakati huo kina machungwa mitini na maua ya kamelia, huku Hallasan yenye mita 1,947 ikiwa na theluji kileleni. Njia za Seongpanak na Gwaneumsa za kufika kilele hicho zinahitaji kuweka nafasi. Gyeongju na Jeonju ni nzuri mwaka mzima, kwa hiyo ningeziweka akiba.

Kwa safari ya kwanza, mimi humshauri kila mtu achukue njia ya *Jinbu, Daegwallyeong na Gangneung*. Ina msitu, hekalu, samaki wa baridi na bahari, na yote inafikika kwa reli moja na mabasi ya mtaa. Hatua zinazofuata zinaifuata njia hiyo.

Hatua ya 4: Nunua tiketi, kwenda na kurudi, siku moja

Reli ya kasi ya Seoul hadi Gangneung ilifunguliwa Desemba 2017, wiki chache kabla ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Pyeongchang ya 2018. Kabla ya hapo wengi walikwenda kwa basi kupita mlimani. Sasa kutoka stesheni ya Seoul hadi Gangneung ni kama saa mbili, na nauli ya kiti cha kawaida ni karibu won 27,600. Treni hizo hizo husimama Cheongnyangni, stesheni iliyo rahisi zaidi kwa wanaokaa mashariki ya jiji.

Mauzo hufunguliwa mwezi mmoja kabla ya siku ya safari. Treni za Jumamosi asubuhi na Jumapili jioni hujaa kwanza. Nunua ya kurudi wakati uleule unaponunua ya kwenda, kwa sababu ukiiacha utabaki na treni za mwisho za usiku. Programu ya Korail, shirika la reli la Korea, ina sehemu ya Kiingereza inayokubali kadi za nje. Ukikwama, dirishani stesheni kuna wahudumu, na wengi wanaelewa ukiandika tarehe, saa na jina la kituo kwenye karatasi.

Angalia saa kwa makini. Tiketi imeandikwa kwa mtindo wa saa 24, na kichwa kinachofikiri kwa Kiswahili kinaweza kukuponza: 07:00 ni saa moja asubuhi, 13:00 ni saa saba mchana, 19:00 ni saa moja usiku. Treni ya Korea haisubiri hata dakika.

Weka pesa taslimu kwenye kadi ya T-money katika duka lolote dogo la saa 24. Kadi hiyo hufanya kazi kwenye mabasi ya Gangwon pia. Pakua Naver Map au KakaoMap, kwa maana Google Maps ni dhaifu kwa maelekezo ya kutembea nchini Korea. Namba ya simu ya msaada kwa watalii ni 1330, na wanajibu kwa Kiingereza.

Hatua ya 5: Vaa kuanzia miguuni

Watu hutumia pesa zote kwenye jaketi, wakaenda na raba za kukimbilia. Miguu ikilowa safari imekwisha. Viatu viwe na soli yenye meno na visiingize maji, soksi ziwe za sufu, na ubebe jozi ya pili ndani ya mfuko wa plastiki.

Chini ya nguo vaa fulana na suruali za kubana za kuhifadhi joto, katikati sweta, juu jaketi refu la manyoya ya bata linalofika magotini, kama wanavyovaa wanafunzi wote mitaani. Mzula ufunike masikio. Skafu ifunike shingo na kidevu. Jinzi uiache nyumbani: ikilowa theluji inakuwa ubao.

Nunua hotpaki, vile vifuko vinavyotoa joto ukivitikisa. Vinapatikana kila duka dogo kwa bei ya chini, na hudumu saa nyingi. Weka mfukoni, au gundisha juu ya nguo, kamwe si juu ya ngozi wala ndani ya matandiko usiku. Joto dogo likikaa mahali pamoja kwa muda mrefu huunguza ngozi polepole, na mtu aliyelala hahisi.

Kwa njia za mlimani, nunua vyuma vya kufunga chini ya viatu; Wakorea huviita aijen, na maduka ya vifaa vya milima karibu na malango ya hifadhi huviuza. Beba pawabenki ndani ya jaketi, karibu na mwili, maana baridi hunyonya betri ya simu ikazima ikionyesha asilimia arobaini. Usisahau mafuta ya mgando. Hewa hii kavu hupasua midomo na kupausha ngozi kuliko unavyotarajia.

Hatua ya 6: Jumamosi, msitu na samaki

Chukua treni ya alfajiri na ushuke Jinbu, siyo Pyeongchang, ingawa jina la pili ndilo linalojulikana. Kutoka Jinbu kuna mabasi ya mtaa kwenda hekalu la Woljeongsa ndani ya hifadhi ya Odaesan. Ni machache kwa siku. Kitu cha kwanza ukifika kituoni ni kupiga picha ratiba ya kurudi. Mkiwa watu watatu au wanne, teksi inalipa.

Shuka kwenye lango la kwanza, usiende moja kwa moja hekaluni. Kutoka lango hilo kuna njia ya kama kilomita moja kati ya miti mirefu ya jamii ya misonobari, isiyopukutisha majani, na theluji ikiwa imetua juu yake unasikia viatu vyako tu. Tembea taratibu. Hekalu lenyewe, kwa mapokeo yake, lilianzishwa mwaka 643 na mtawa Jajang, na uani kuna mnara wa mawe wa pembe nane na ngazi tisa. Hapa ni mahali pa ibada: shusha sauti, na usipige picha ndani ya kumbi.

Sasa uamue. Ukipenda historia, panda basi hadi Sangwonsa, juu zaidi bondeni, kuna kengele ya shaba iliyotengenezwa mwaka 725, ya zamani kuliko zote zilizobaki Korea. Ukipenda upepo na uwanda wa wazi, rudi Jinbu uelekee Hoenggye, mji mdogo wa Daegwallyeong. Kuvifanya vyote viwili kwa siku fupi kama hii ni kukimbizana na giza. Mimi ningechagua Hoenggye, kwa sababu ya samaki.

Daegwallyeong iko juu kwenye mgongo wa milima, na ni kati ya sehemu zenye baridi kali zaidi nchini. Huko, kuanzia katikati ya majira ya baridi, myeongtae, samaki wa bahari ya baridi, huletwa kutoka pwani na kutundikwa kwa maelfu kwenye vichanja vya mbao. Usiku wanaganda kuwa mawe. Mchana jua linawalegeza kidogo, maji yanavuja, usiku wanaganda tena. Hivyo hivyo kwa miezi, mpaka majira ya kuchipua, nyama imekuwa ya manjano, nyepesi, yenye nyuzi laini. Wanamwita hwangtae. Kwetu pwani ng'onda hutengenezwa kwa chumvi na jua kali. Hapa kazi ile ile inafanywa na kuganda na kuyeyuka, na ladha inayotoka ni ya upole zaidi. Upepo ukiwa wa joto mwaka huo, samaki huharibika, na ndiyo maana wenye vichanja huombea baridi ambayo wengine wote wanaikimbia. Usiguse vichanja wala kuingia katikati yake. Ni mali na jasho la watu.

Kisha kaa chini ule. Supu ya hwangtae ni nyeupe kama maziwa, ina tofu na yai, na mwili wote unafunguka. Kuna pia wa kuchomwa na kupakwa mchuzi wa pilipili. Waislamu na wengine wasiokula nguruwe watapata nafuu katika mji huu wa samaki, ila mchuzi wa supu unaweza kuwa na nyama nyingine, kwa hiyo uliza kila mara. Sentensi ya kukariri ni *dwaeji gogi ppae juseyo*, yaani toa nyama ya nguruwe. Anayetaka uhakika kamili abebe chakula kutoka Itaewon, Seoul, karibu na msikiti mkuu uliofunguliwa mwaka 1976, ambako migahawa na maduka ya halali yamejipanga mtaa mzima.

Kama mwanga bado upo, shamba la kondoo lililo juu ya mji linafaa kwa saa moja: vilima vyeupe, uzio wa mbao, na nyasi kavu za kuwalisha kondoo kwa mkono. Hufunga mapema msimu huu. Giza likiingia, panda basi la kushuka Gangneung. Barabara inateremka kutoka mgongoni hadi usawa wa bahari, na utahisi joto likipanda.

Hatua ya 7: Lala sakafuni

Chagua chumba cha ondol, yaani chenye joto chini ya sakafu. Viatu huvuliwa mlangoni, godoro jembamba hutandikwa chini, na joto hupanda kutoka mgongoni. Kwa mtu aliyetembea kwenye theluji siku nzima, hakuna kitanda cha hoteli kinachoshindana nalo. Usipandishe kidhibiti hadi mwisho. Sakafu huchelewa kupata joto na huchelewa kupoa, utaamka saa nane usiku unatokwa jasho. Ning'iniza taulo mbichi chumbani ili hewa isikukaushe koo.

Bajeti ikiwa ndogo kuna jjimjilbang, nyumba ya mvuke inayokesha, ambayo kwa kawaida ni won 10,000 hadi 20,000. Niseme wazi ili usishtuke: sehemu ya kuogea wanaume ni wao, wanawake ni wao, na humo watu huoga uchi kabisa mbele ya wengine. Ukitoka huko unapewa kaptula na fulana, na sehemu ya pamoja ya kupumzika na kulala kila mtu amevaa. Nyingine haziruhusu kulala usiku kucha siku hizi, uliza kabla ya kulipa.

Hatua ya 8: Jumapili, bahari

Jua la Januari huchomoza pwani hii karibu saa 1:40 asubuhi. Fika ufukwe wa Gyeongpo au Anmok nusu saa kabla, ukiwa umevaa kila kitu ulichonacho, kwa kuwa upepo wa baharini huongeza makali. Mawimbi ya hapa ni makubwa na maji yana kina haraka. Usisogelee ukingo kwa ajili ya picha.

Kifungua kinywa ni Chodang, kitongoji cha tofu. Hapa soya hugandishwa kwa maji ya bahari, na hiyo sundubu, tofu laini isiyokandamizwa, hutolewa nyeupe, ya moto, na mchuzi wa soya pembeni. Kula ile nyeupe kwanza kabla ya kuagiza ya pilipili.

Halafu nenda Ojukheon. Kabla ya kuingia toa pochi yako: noti ya won 5,000 ina picha ya mwanazuoni Yi I, na ya won 50,000 ina picha ya mama yake, Shin Saimdang, mchoraji na mshairi. Nyumba hii ya mbao ndipo mwana alipozaliwa, katika karne ya 16, na mianzi myeusi iliyoipa jina bado imesimama nyuma yake. Sijui nchi nyingine inayowaweka mama na mwana kwenye fedha zake, na kuingia chumba hicho kidogo ukiwa nao wote mkononi ni jambo linalogusa.

Mchana, rudi Anmok, mtaa wa kahawa ulioanzia kwenye mashine za kuuzia kahawa zilizopangwa ufukweni. Sasa ni maghorofa ya mikahawa yenye madirisha ya kutazama bahari. Soma orodha, kahawa ya Kenya haikosekani kwa wachomaji makini, na kuinywa ukiwa nyuma ya kioo, mawimbi yakipiga nje, kunaondoa upweke wa wiki nzima. Ukipenda pilikapilika zaidi, soko kuu la Gangneung lina hotteok, chapati nene yenye sukari ya moto ndani. Iume pembeni kwanza, sukari hiyo inaunguza.

Ukiwa njiani, haya yasikutoke

Barafu nyembamba isiyoonekana hukaa kwenye vivuli, ngazi za stesheni na vivuko vya barabara. Tembea kwa hatua fupi, mikono iwe nje ya mifuko. Usikanyage mto au ziwa lililoganda mahali ambapo hakuna wasimamizi, hata ukiona nyayo za watu. Unene hubadilika kila hatua chache. Usiwashe jiko wala hita ya gesi ndani ya hema au chumba kilichofungwa, maana hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Vidole vikianza kufa ganzi na kugeuka rangi, ingia ndani mara moja, uvipashe kwa maji ya uvuguvugu, usivisugue. Dharura ya ugonjwa au moto ni 119, polisi ni 112.

Kwa treni ya Jumapili jioni, fika stesheni ya Gangneung nusu saa mapema, kwa kuwa teksi za ufukweni huadimika jua likizama. Ukiikosa na viti vya zinazofuata vimekwisha, ulizia dirishani tiketi ya kusimama, ambayo Korail huiuza kwa treni zilizojaa. Nayo ikikosekana, stendi ya Gangneung ina mabasi ya Seoul hadi usiku, karibu saa tatu njia ikiwa wazi, na zaidi ya hapo theluji ikianguka mlimani.